Asubuhi Tulipopika Mafuta ya Tukutuku

Miezi ya baridi ikifika hapa Kindu, ukungu unatoka mtoni na kupanda mpaka kwenye milango ya watu. Mgeni angecheka kusikia tunaita hali hiyo baridi, lakini sisi wa Maniema tumezoea joto, basi asubuhi hizo utamwona mama anayeuza mikate amevaa koti la sufu, na wateja wake wamejifunga taulo shingoni kama watu waliotoka kuoga. Ni asubuhi ya namna hiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mjukuu wangu Feruzi, ambaye kazi yake ni kubeba watu kwa pikipiki, aliiwasha uani, na kabla sijamaliza kumuuliza amelalaje, alikwisha kutoka mbio. Akaniachia moshi na harufu. Ile harufu ya mafuta ya moteri ambayo bado hayajapata moto, nzito kidogo, kama utambi wa taa uliozimwa sasa hivi. Nilikaa nayo puani mpaka chai yangu ikapoa.

Aliporudi kula nikamwambia, "Feruzi, unaikimbizaka vile, mafuta haijaamuka bado."

"Koko, hizi za sasa zinaamukaka na moto wake."

"Nani alikuambia?"

"Yule mwenye kuniuzia."

Nikacheka, naye akacheka, tukaacha pale. Siwezi kubishana na kijana juu ya pikipiki, mimi niliyeacha shule darasa la pili na ambaye hata baiskeli sikuwahi kupanda peke yangu. Lakini mambo ya mafuta ya moteri na baridi nayajua, na jinsi nilivyoyajua ndiyo nataka kuwaelezea ninyi wa umri wangu, maana vijana wakisikia neno vita wanadhani unasema ile ya juzi. Mimi nasema ile ya kwanza, ya miaka ya mwanzo ya uhuru, tuliyoikuta tukiwa watoto.

Baba yangu aliitwa Asumani. Alikuwa akipeleka barua na dawa za kampuni ya madini kati ya Kalima na Kindu, na kwa sababu hiyo tulikaa Alunguli, ng'ambo hii ya mto ambako barabara ya Kalima inaanzia. Kampuni ilimpa tukutuku. Zamani pikipiki tuliziita hivyo, kwa sababu ya sauti yake, na ya baba ilisema neno hilo vizuri kuliko zote. Ilikuwa nyeusi, na tumbo la moteri lilikuwa na mistari mistari kama mbavu za mbwa mwenye njaa.

Sasa baba alikuwa na desturi yake. Asubuhi aliiwasha, akaiacha inanung'unika peke yake uani, naye akaingia ndani kunywa chai. Aliinywa amesimama. Akimaliza, alitoka na kuweka mgongo wa mkono kwenye lile tumbo, polepole, amefumba macho. Kama bado, alirudi kumimina kikombe kingine. Miezi ya joto kikombe kimoja kilitosha. Miezi ya ukungu alikunywa mpaka birika likaisha, na mama akalazimika kuchemsha jingine kwa ajili yetu. Jirani yetu Salumu, aliyekuwa mshona nguo na ambaye kinywa chake kilifanya kazi kuliko cherehani yake, alimsalimia juu ya ua kila siku namna moja.

"Asumani, muke mudogo ameamuka?"

"Ameamuka, lakini hajanawa uso."

Na mama kutoka jikoni: "Mumuambie muke mudogo akimaliza kunawa aje atwange na miye!"

Wakubwa walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliamini. Nilijua kabisa kwamba ndani ya lile tumbo kuna mtu, na kwamba joto lile halikutoka kwenye moteri bali lilitoka mkononi mwa baba. Nilidhani anampa joto lake. Nilikuwa na miguu ya baridi tangu kuzaliwa, hata leo ninalala na soksi, na nilijiuliza kwa nini mkono wenye moto mwingi hivyo unamalizikia kwa yule wa uani, na mimi mtoto wake ninapewa kikwembe cha kujifunika tu. Nilimwonea wivu sana yule mke mdogo. Niseme kweli, mara nyingine nilimpiga teke kwenye gurudumu nikipita kwenda kisimani, na kidole kiliniuma mimi.

Vita vikaingia. Wakubwa wa kampuni wakaondoka na vitu vyao, wengine wakaondoka bila kitu, na tukutuku ikabaki kwa baba kwa sababu hakuna aliyekuja kuidai. Wapiganaji walikuwa wanakusanya kila chenye moteri. Baba akatutoa Alunguli, akatupeleka kwa dada yake, shangazi yangu Mwajuma, katika kijiji kilicho pembeni ya barabara ya Kalima, ukiingia kidogo msituni. Tukutuku aliisukuma kwa mkono sehemu kubwa ya njia na kuificha kwenye ghala la mpunga, amefunika na mikeka. Mama alikuwa na mimba kubwa. Alijifungua pale, mtoto mwanamume, tukamwita Ramazani.

Baada ya kujifungua, homa ikamshika mama. Si ile homa ya kutetemeka na kuacha. Hii ilikaa. Ilimkausha midomo, ikamkausha na matiti, na Ramazani akawa analia akishika titi, akiachia, akishika. Shangazi alimpa maji ya wali kwa kidole. Majani yote yanayojulikana kijijini yalichemshwa, na ninawashukuru wale walioyatafuta msituni wakati kila mtu aliogopa msitu, lakini homa haikusikia. Hospitali ilikuwa Kalima. Na kati yetu na Kalima kulikuwa na daraja, na pale darajani wapiganaji walikuwa wamekaa na benchi lao, wakizuia njia.

Basi baba alisubiri habari kwamba wameondoka. Huku akisubiri, alitaka tukutuku isife. Aliogopa ikilala muda mrefu kwenye unyevu haitaamka siku ya kuitaka. Lakini utakiwashaje kitu chenye jina la sauti yake, watu wa darajani wakipitapita barabarani?

Ni wanawake walioona njia. Kila asubuhi walitwanga mpunga uwanjani, kila mmoja na kinu chake, na ukiwasikia kutoka mbali unajua kijiji fulani kimeamka. Shangazi akawaambia watwange pamoja, kwa nguvu, wakati uleule. Michi ilipoanza kushuka, baba aliikanyaga tukutuku ghalani. Tu, tu, tu, walipiga wao. Tuku, tuku, ilijibu ndani. Ukikaa mbali hutenganishi. Aliiacha iungurume kidogo tu, kwa sababu mikono ya wanawake inachoka na petroli inaisha, akaizima kabla hata tumbo halijapata joto la kikombe kimoja. Walifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi.

Mimi nilielewa jambo hilo kivyangu. Nilikuwa nimewahi kuona mgonjwa wa mashetani akipigiwa ngoma mpaka kitu kilicho ndani yake kikazungumza. Kumbe ndivyo, niliwaza. Mke mdogo wa baba anaumwa, wanampigia ngoma ya vinu, naye anazungumza. Na mama yangu je? Mbona mama hapigiwi? Nilikwenda kukaa mlangoni kwake nikipiga sufuria kwa kijiko, mpaka shangazi akaninyang'anya.

"We Asha, unataka mama apasuke kichwa?"

"Ninamupigia ngoma."

"Mupigie kimya," alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali.

Habari ikafika asubuhi moja yenye ukungu mzito: wengi wa darajani wameitwa upande wa Kindu, labda pamebaki patupu. Baba akasema tutaondoka kesho yake mapema. Akaenda ghalani kuitayarisha, nami nikamfuata kwa sababu siku hizo nilimfuata kila mahali. Alifungua kifuniko kidogo cha mahali pa kumimina mafuta. Akakigeuza. Chini ya kifuniko kulikuwa na kitu cheupe, kinene, laini, kama utando wa juu ya maziwa yaliyolala.

Nilikimbia. Sijui kama katika maisha yangu nimekimbia vile tena. "Shangazi! Shangazi! Tukutuku imetoa maziwa! Lete kijiko, tumupe Ramazani!"

Wanawake waliokuwa wanapepeta waliacha. Shangazi alinitazama, akatazama mkono wangu uliokwisha kushika kijiko, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na wengine wakamfuata, na mmoja wao, mama mmoja mnene ambaye mwanawe alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya wapiganaji na ambaye hakuwa amecheka tangu hapo, alisema, "Basi muke mudogo amezaa naye! Tutakwenda kumupa hongera!" Kutoka ndani nilisikia mama yangu akicheka, kicheko kidogo kikavu, kikaishia kwenye kikohozi. Hata leo kicheko kile ninakiweka mahali pake, maana nilikuwa nimeanza kusahau sauti yake.

Lakini baba alipotoka ghalani na kifuniko mkononi, hakuwa anacheka. Alikaa kwenye gogo.

"Si maziwa, mwanangu. Ni maji," aliniambia. "Moteri ikipoa, jasho yake inabaki ndani. Ikikimbia mbali, mafuta inapata moto mukali, ile maji inatoka kama mvuke. Lakini miye nimeiwasha kidogo kidogo kila siku, kwenye baridi hii. Haijapata moto hata mara moja. Maji yote imekunywa."

"Na tukienda nayo vile?" aliuliza shangazi.

"Mafuta ya vile haishiki chuma. Itakwenda, halafu kwenye kilima itakwama. Na mugonjwa mugongoni."

"Mafuta ingine haiko?"

"Itoke wapi?"

Nilielewa jambo moja tu katika yote hayo, kwamba mama hataenda, na nikaanza kulia kwa sababu nilidhani ni mimi niliyeleta habari mbaya.

Sasa shangazi Mwajuma, tangu ujana wake, alikuwa akitengeneza mawese. Ninyi mliokaa kwenye michikichi mnajua: ukikamua, mafuta yanatoka yamechanganyika na maji, machafu, yana povu, na hakuna mtu anayekaa kwenye gogo kuyalilia. Unayarudisha jikoni. Unayapika polepole na kuyasikiliza. Yanapiga kelele, yanarukaruka, yanatukana, mpaka maji yaishe. Yakinyamaza yamekuwa mafuta.

"Asumani," alisema, "maji ndani ya mafuta? Shida njo hiyo tu?"

"Njo hiyo."

"Na umekaa chini kama mufiwa? Toa hiyo mafuta, ulete hapa."

"Dada, hii si mawese. Hii ni mafuta ya moteri."

"Haina maji?"

"Iko nayo."

"Basi maji njo ile ile ya Mungu. Lete."

Baba alifungua buloni, ile skrubu ya chini ya moteri, mafuta yakatoka taratibu kwenye nyungu, yana rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa mengi. Shangazi aliweka nyungu juu ya makaa, si juu ya moto wa kuni, akasema moto wenye ulimi utaiunguza. Akatufukuza watoto mbali. Harufu ilikuwa mbaya, ilichoma macho, kuku wote waliondoka. Yeye alichuchumaa, amejifunga kikwembe puani, ameinamisha sikio. Na kweli yalianza kusema. Yalipasukapasuka, yakatoa povu, yakaruka kwenye makaa na kulia chwii. Baba alisimama nyuma yake, mikono kichwani.

"Itaharibika, dada."

"Nyamaza, unanifanya nisisikie."

Alipoona yametulia, alichukua kipande cha jani kavu la mgomba, akachovya, akakitia kwenye makaa. Kikalia tatatata. "Bado," alisema. Akaendelea. Akachovya tena, bado. Mwisho jani liliingia kwenye makaa likawaka kimya, mwali mzuri mrefu, bila hata neno. Shangazi akainua macho akamtazama ndugu yake, jasho linamtiririka, uso umejaa masizi.

"Hii sasa unaweza hata kukaangia ndizi," alisema.

Mafuta yalikuwa meusi, yanang'aa. Baba aliyachuja kwa kipande cha kikwembe, na niliona anayatazama jinsi alivyomtazama Ramazani siku ya kwanza.

Kesho yake alfajiri, wakaipasha tena ile nyungu. Hilo nalo lilikuwa wazo zuri, sikumbuki ni la nani kati yao, na wote wawili waliendelea kudai kwamba ni lake mpaka walipozeeka. Ukimimina mafuta yakiwa na moto, hakuna haja ya birika la chai wala ya kungurumisha. Moteri inaamka imekwisha kuoga. Mama alifungwa mgongoni kwa baba kwa vikwembe viwili, kama mtoto anavyobebwa, kichwa chake kimelala kwenye bega. Ramazani alibaki na shangazi na maji yake ya wali. Mimi niliwekwa mbele, juu ya tangi, kwa sababu mgonjwa akienda hospitali kwetu lazima awe na mtu wa kumlinda, wa kumchotea maji na kumgeuza, na baba asingeweza kukaa. Mwanamume aliyekaa mahali pamoja siku hizo alipewa mzigo wa kubeba. Kwa hiyo mlinzi wa mgonjwa nilikuwa mimi, ambaye meno ya mbele yalikuwa bado hayajaota.

Wanawake walianza kutwanga. Baba akakanyaga, tukutuku ikaitika. Tukatoka kwenye njia ya mashamba, na michi ilitusindikiza nyuma, ilitusindikiza muda mrefu, mpaka miti ikaimeza.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa ukungu. Upepo uliingia kwenye nguo kama maji. Baba alikuwa amefunga kipande cha bati mbele ya moteri ili upepo usiipoze, kwa hiyo joto lote lilipanda kwangu. Kwa mara ya kwanza katika miezi ile, miguu yangu ilikuwa na joto. Nilishangaa. Mikono ya baba yote miwili ilikuwa kwenye usukani, nami niliiona, na joto lilikuwa linatoka chini. Basi halikuwa lake! Nilimsamehe yule mke mdogo wakati huohuo, hata nikambembeleza kwa kisigino. Baba hakukimbia. Kila tulipomaliza kushuka kilima kirefu, alipunguza, akainama kunusa, akasema peke yake, "Nzuri, nzuri," tukaendelea.

Tulifika darajani, na benchi halikuwa tupu.

"Simama! Zima!"

Walikuwa wachache. Mmoja kijana, amevaa kofia ya mwanamke ya kuendea misa, yenye ua. Mwingine mtu mzima, ameketi, anakula muhogo. Baba alizima. Kimya kile sikukipenda.

"Hii tukutuku iko ya nani?" aliuliza kijana.

"Ya kampuni. Wenyewe walienda. Leo iko ya huyu mugonjwa."

"Leo iko yetu. Shukeni."

Hapo mama akainua kichwa. Nilidhani amelala. "Mwanangu," alisema, "unaitwaka nani?"

"Unataka jina yangu ya nini?"

"Nikifia hapa, kule ninapokwenda wataniuliza nani alinishusha. Nisikose jibu."

Kijana akarudi nyuma hatua, akashika kofia yake. Yule mtu mzima akaacha kutafuna, akaanza kucheka na muhogo mdomoni. "Umesikia? Mupe jina basi! Mupe na ya mama yako!" Alipomaliza kucheka alitutazama vizuri, mama, baba, mimi. Nafikiri alitaka kutuachia na hakutaka ionekane hivyo mbele ya wenzake. Akasema, "Haya, tuone. Washa. Ikiitika mara moja, muende. Ikikataa, inabaki na siye, nanyi muende kwa miguu."

Baba alitelemsha mkono, akaweka mgongo wake kwenye tumbo la moteri. Hakufumba macho mara hii. Mafuta yakipoa yanakuwa mazito kama asali, mguu unakanyaga na mashine inakataa. Hilo alinieleza baadaye. Pale nilijua tu kwamba amesimama muda mrefu mno, na kwamba tumbo la mama linapumua haraka nyuma yake. Akakanyaga.

Iliitika.

Sikugeuka kuwatazama. Nilisikia tu yule mkubwa akipiga makofi, peke yake, kama mtu aliyeona mpira ukiingia golini.

Pale Kalima hospitali ilikuwa imebaki na muuguzi mmoja mzee na wanawake wachache wa kufagia. Alimpokea mama kutoka mgongoni kwa baba, akamchoma sindano kabla hajauliza jina. Halafu baba akaomba maziwa ya unga kwa ajili ya mtoto, akapewa mkebe, na alipoupata tu aligeuka. Hakukaa. Hakunywa maji. Aligusa moteri, akasema, "Bado iko na moto," akaenda. Wala hakuniaga.

Nilikasirika, jamani. Nilikuwa nimebaki na mgonjwa anayesema maneno yasiyoeleweka, katika chumba chenye harufu ya dawa, na baba amekimbia kwa sababu ya joto la tukutuku yake. Nilimchotea mama maji, nikamfuta, nikampungia inzi kwa kifuniko cha boksi, na kila nilipochoka nilimchukia baba kidogo, nikapata nguvu. Haikuniingia akilini kwamba alikuwa anashindana na njaa ya Ramazani. Wala sikujua kwamba alipita darajani mara ya pili, peke yake, bila mgonjwa wa kumtetea, na kwamba akaona benchi limeachwa tupu. Mtu hajui anapendwa kiasi gani akiwa bado anahesabu mara alizoagwa na zile ambazo hakuagwa. Yule muuguzi ndiye aliyenipa blanketi lake. Ninamwombea mpaka leo, ingawa dini yake haikuwa yangu.

Siku zikapita. Homa ikaanza kuchoka. Asubuhi moja mama alifumbua macho yake ya kawaida, akaniuliza kwa nini nywele zangu ziko hivi, nikajua amerudi. Lakini chakula alikikataa. Chochote kilichofika mdomoni alikigeuzia uso, na muuguzi alisema asipokula, kazi ya sindano itakuwa bure.

Ndipo walipoingia: baba mbele, amevimba macho kwa upepo, na nyuma yake shangazi Mwajuma, Ramazani yuko kifuani kwake, mzima, mashavu yana vumbi la maziwa. Shangazi alimweka mtoto kitandani kando ya mama. Halafu akafungua kitunga alichobeba kichwani. Ndani kulikuwa na mchele mweupe, umetwangwa vizuri kuliko mchele wowote niliowahi kuona. Nilitazama mikono yake. Viganja vilikuwa vimechubuka na kufungwa vitambaa.

Aliupika kwenye jiko la nje la wagonjwa, akaleta sahani. Mama akageuza uso.

"Kula, wifi yangu," alisema shangazi.

"Siwezi."

"Utaweza. Huu ni wa mbegu."

Mama akageuka. "Wa mbegu? Mumetwanga mbegu?"

"Wa kula ulikwisha zamani. Asubuhi zote zile, tulifikiri tunatwanga nini?"

"Mungepiga vinu vitupu, Mwajuma! Kelele tu!"

"Kinu tupu inalia vingine. Wale wa darajani ni watoto wa walimaji kama siye, wangejua." Alisema hivyo akiwa anamimina chumvi, bila kuinua uso. "Kila mama alileta kibuyu yake. Hakuna aliyekataa. Yule munene alileta wa kwanza."

Baba alitoka nje. Mimi nilikuwa mtoto, lakini mtoto wa Maniema anajua mbegu ni nini, anajua maana ya kwenda shambani mvua ya kwanza ikinyesha na mikono haina kitu. Mwaka ule kijiji kile kilikula muhogo na majani, wakaomba mbegu Kibombo na Pangi kwa watu wasiowajua, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumkumbusha mama jambo hilo, mpaka wote wamekwisha kufariki.

Mama alijiinua kwa kiwiko. Akavuta sahani, akala kwa mkono, polepole, machozi yanamshuka na kuingia kwenye wali, naye hakuyafuta kwa sababu mkono ulikuwa na kazi. Alikula mpaka sahani ikabaki na punje pembeni. Akaziokota nazo, moja moja, akala.